Jitimai kweli hupandisha presha?

mtoto_wa_wete: Asalaam alaikum jamani. Bimkubwa yupo eda, mzee katutoka mwezi wa pili huu. Kabla ya hapo presha yake ilikuwa haina neno, saa hizi tukimpima 165 kwa 100, usiku halali, anasema roho inamwenda mbio. Dakta kampa dawa za kila siku. Majirani wanasema hayo si maradhi ni jitimai, mumewe ndo alokuwa mazungumzo yake, dawa za nini, asomewe tu. Mie nifate lipi?

bi_nesi: Yote mawili mwanangu, wala hayagombani. Mtu akiwa na huzuni au khofu mwili unamwaga adrenalini na kotizoli, ndo homoni za khofu na dhiki, moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, presha juu. Presha ya nusu saa hushuka yenyewe, lakini huyu wiki na wiki hana usingizi. Dawa asiache, mshipa wa kichwani ukipasuka haukuulizi sababu. Na kusomewa asomewe.

yakhe_chake: Mnalipa jitimai sifa bure. Anakula nini? Msibani mapilau, ng'onda (samaki wakavu wa chumvi), chai ya sukari kila mgeni akija, na mwenyewe kakaa kitako kutwa. Chumvi hiyo!

bi_nesi: Chumvi imo sibishi. Ila dhiki ya moyo nayo huugusa mwili: mwaka 1995 watafiti wa Ohio kule Marekani waliwatia kidonda kidogo mkononi wanawake wanaouguza jamaa zao waliopoteza kumbukumbu, wakawapima na wenzao wasiouguza mtu, basi wale wauguzaji walichelewa kupona kwa siku kama 9. Na pale napo chumvi?

ukhty_mtambwe: Mie naona tabu ni upweke. Watu hujaa mpaka hitma, ikisha kila mtu na zake, na yeye kabaki ndani miezi minne na siku kumi. Eda haikatazi wanawake wenziwe kuja, wala kwenda hospitali akiumwa. Sie shangazi yetu alipokuwa eda tulimpelekea mjukuu alale nae, na jioni mashoga zake wakija na miyaa yao wanasuka ukili na kusengenya kidogo (Mungu atusamehe). Sikwambii alipona presha, ila usingizi uliregea.

mtoto_wa_wete: Ahsanteni. Ng'onda yakhe umesema kweli, zimejaa jikoni. Sasa ikishuka tukaona wiki nzima iko sawa, aache vidonge?

bi_nesi: Usithubutu! Imeshuka kwa sababu anavila. Mrejesheni kwa dakta, yeye ndo atakaesema.