Mrejesho: mama, presha na kile kikohozi cha dawa
Wakuu nimerudi, niliuliza humu kuhusu mama yangu mwenye kisukari na presha, figo zimeanza kuvujisha protini kwenye mkojo halafu lisinoprili, dawa yake ya presha, ikamletea kikohozi kikavu usiku kucha. Asanteni sana mliosema asiache dawa kienyeji turudi kwa daktari, kweli akambadilishia dawa nyingine ya presha, losartani, na kikohozi kikaisha kama wiki tatu hivi. Presha kutoka 168/96 sahivi inacheza 138/84, tunampima wenyewe nyumbani asubuhi. Yule aliyesema diklofenaki (dawa za maumivu) za magoti zinaumiza figo Mungu akubariki, tumeacha kabisa. Ila protini bado ipo, na potasiamu (madini ya kwenye damu) imepanda kidogo kwa hiyo anarudia kipimo cha damu wiki ijayo. Kupunguza chumvi ndo bado tunabishana nae.