Gavana wa Tokyo kugoma kutuma rambirambi za Wakorea wa 1923: ni sawa?

Mzee wa Kijiwe: Wakuu, kila Septemba 1, bustani ya Yokoamicho pale Tokyo, watu huwakumbuka Wakorea waliouawa baada ya tetemeko la Kanto, 1923. Kisa uvumi, eti wametia sumu visimani. Gavana Koike Yuriko alituma rambirambi 2016, kuanzia 2017 kakata. Anasema anawaombea wafu wote kwa pamoja. Mnaonaje?

Bint Chumbe: Aliyeangukiwa na paa ni kazi ya Mungu. Aliyechomwa mkuki wa mwanzi ni kazi ya jirani yake. Dua moja inawatosha vipi?

Namba7: Idadi yenyewe hamuijui. Huyu mia kadhaa, yule elfu sita na ushee. Halafu Wajapani hao ndio waliotujengea daraja la juu pale TAZARA, leo tuwachimbe ya miaka mia?

Bint Chumbe: Daraja na maiti wapi na wapi! Ripoti ya kamati ya serikali yao, 2008 au 2009 hivi, imesema waliouawa ni asilimia moja hadi kadhaa ya waliokufa, na waliokufa ni laki na ushee. Piga hesabu mwenyewe. Na uvumi Wizara ya Mambo ya Ndani iliutia nguvu kwa telegramu mikoani. 2023 msemaji wa serikali anasema hawaoni kumbukumbu za kuthibitisha. Mxiuu.

Chura Mweusi: Sungusungu wao walikuwa wanakwambia tamka "jugoen gojissen", yen 15 na sen 50. Ulimi ukiteleza umekwisha. Apo Wakurya wangebaki wangapi na "nakura ugari" yao 😂

Mura wa Tarime: Watu wanaongelea damu wewe unaleta vichekesho. Mimi Mkurya, na Kiswahili nakuzidi. "Apo" ndiyo nini?

Chura Mweusi: Utani tu kaka, mbona povu?

Mura wa Tarime: Mimi na kabila lako tuna utani tangu lini?

Mzee wa Kijiwe: Turudi kwenye mada jamani. Ila Chura kagusa kitu bila kujua. Kijiji cha Fukuda, Chiba, waliua Wajapani tisa, wachuuzi wa dawa kutoka Kagawa, watoto wakiwemo. Lafudhi yao ilisikika ngeni.

Namba7: Enhee! Kumbe hata Wajapani waliuawa. Sasa gavana kakosea nini kusema "wote"?

Bint Chumbe: Waliuawa kwa kudhaniwa Wakorea, Namba7. Soma taratibu.

Mura wa Tarime: Chura, nasubiri uniombe radhi.

Chura Mweusi: Nawaomba radhi makabila yote kwa pamoja.