Mjadala: Watu wanaacha kilimo, lakini wanaingia wapi?

Wadau, kila uchumi wa nchi maskini unapozungumzwa, hakosi mtu wa kusema: "Jengeni viwanda, ajira zitafuata." Viwanda sina ugomvi navyo. Ninachobisha ni hiyo imani kwamba ajira hufuata popote kiwanda kinapojengwa.

Hoja yenyewe ina msingi. Mwaka 1954 Arthur Lewis, mzaliwa wa Saint Lucia aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1979, alieleza kwamba mashambani watu ni wengi kuliko kazi iliyopo. Ukimtoa mmoja, mavuno hayatikisiki. Ukimpeleka kiwandani, anazalisha zaidi, na pato la taifa linapanda. Hesabu bado inashawishi. Afrika kusini mwa Sahara, takriban nusu ya wafanyakazi wako kwenye kilimo, na kilimo hicho kinachangia chini ya robo ya pato. Kwa wastani, basi, aliye nje ya kilimo anazalisha zaidi ya mara 3 ya aliye ndani. Korea Kusini ilipita humo humo: mwanzoni mwa miaka ya 1960 zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake walikuwa kwenye kilimo, leo hawafiki 1 kati ya 10.

Sasa mwangalie anayeweka jembe chini leo. Mara nyingi haendi kiwandani, anakwenda kuchuuza. Anapanga viatu vya mitumba kando ya barabara ambako wapo wachuuzi wengine 20, na wapita njia ni walewale. Jozi atakayouza yeye ni ile ambayo jirani yake angeiuza. Kwenye takwimu amehama kutoka kilimo kwenda huduma, na ripoti itaandika kwamba uchumi umebadilika muundo! Wachumi Margaret McMillan na Dani Rodrik walilionyesha hilo mwaka 2011: tangu 1990, kuhama kwa wafanyakazi kulikuza tija (kiasi anachozalisha kila mfanyakazi) Asia, lakini kukaipunguza Afrika na Amerika ya Kusini. Kwa haki, uchambuzi wao wa baadaye ulikuta kwamba baada ya 2000 kuhama huko kulianza kukuza tija Afrika pia. Lakini si viwanda vilivyobeba mzigo mkubwa.

Na hivyo viwanda vyenyewe? Utafiti uliofanywa Tanzania na Ethiopia ulikuta viwanda vikubwa vinaongeza tija bila kuongeza watu wengi, huku vidogo vikipokea watu bila tija kupanda. Sababu haina uchawi. Anayetaka kuuza nje lazima afikie ubora na bei ya soko la dunia, na mashine za kumfikisha huko nyingi zilibuniwa kwa nchi ambazo kibarua ni ghali, yaani ziliundwa ili kupunguza watu. Asipozinunua, hashindani. Akizinunua, haajiri sana.

Kuna jingine ambalo watetezi hulipita haraka: hata kazi zikipatikana, je, watu wanazitaka? Huko Ethiopia, watafiti Christopher Blattman na Stefan Dercon waliwafuatilia waombaji waliopewa nafasi za viwandani kwa bahati nasibu. Theluthi hivi waliacha ndani ya mwezi wa kwanza, na wengi wa waliopewa nafasi hizo mwaka haukuisha wakiwa bado pale. Kipato hakikuwa kikubwa kuliko walichopata kwingine, na afya zao ziliathirika.

Najua mtanitajia Bangladesh, na kweli ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi yangu. Mamilioni wanashona nguo kule, wengi wao wanawake. Ila mkumbuke mazingira: kuanzia 1974 biashara ya nguo duniani ilikuwa na mgawo, yaani kikomo cha nguo ambazo nchi iliruhusiwa kuuza nje, uliozibana nchi zilizokwisha kukomaa, Korea Kusini ikiwemo, kwa hiyo oda zikatafuta pa kwenda. Mgawo ulipoondolewa mwanzoni mwa 2005, Bangladesh ilikuwa imeshajijenga. Anayeanza leo anaingia uwanja uleule na Bangladesh na China.

Kwa hiyo msimamo wangu: fedha za umma zianzie walipo watu. Umwagiliaji, mbegu bora na maghala, kwa sababu mkulima mwenye ziada ndiye atakayemnunulia yule mchuuzi wa viatu. Kisha umeme wa uhakika na mikopo kwa karakana ndogo, ili fundi mwenye msaidizi mmoja aweze kuajiri watano. Kiwanda kikubwa kije, kikute soko.

Mnaosema viwanda kwanza, nijibuni hili. Mnapompa mwekezaji msamaha wa kodi, mnaupima kwa tani zinazotoka getini au kwa watu wanaoingia? Na muda wa msamaha ukiisha akafungasha virago, wale waliouza mashamba wakamfuata mjini mnawapangia nini?