Mjadala: Tamthilia za kigeni kwenye televisheni zetu, tumwache VJ au tuingize Kiswahili?

Mwenye mada, Kampala

Tuanze na hali ilivyo. Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Lakini ukiwasha televisheni usiku, tamthilia ya Meksiko au Uturuki inakujia na VJ, yaani msimulizi mmoja anayeongea Kiganda juu ya sauti za waigizaji. Wapo wanaotaka vituo vyenye leseni viachane na utaratibu huo, vinunue tamthilia zilizoingizwa Kiswahili, yaani sauti za waigizaji wa Kiswahili badala ya zile za asili. Wapo wanaosema VJ ndiye aliyewafanya watu wazipende hizo tamthilia, na kumwondoa ni kuua soko. Na wapo watu wa maandishi ya chini, yaani tafsiri inayosomwa chini ya picha, wachache lakini wakali.

Kumbukumbu za sinema za zamani ruksa, mradi zitufundishe kitu.

Fundi wa sauti, Jinja

Watu wanabishania lugha, mimi naona tatizo liko kwenye faili. Anayeingiza sauti kihalali hupewa na mwenye filamu sauti zilizotenganishwa: mazungumzo upande wake, muziki na milio upande wake (hatua za miguu, mlango, mvua, risasi). Anachukua hiyo ya pili, anaweka waigizaji wake juu. VJ hapewi. Nakala inayomfikia imeshachanganywa yote, na chumvi ikishaingia kwenye mchuzi haitoki. Kwa hiyo kila akifungua mdomo analazimika kushusha filamu nzima, muziki ukiwemo.

Meza ya VJ ni kompyuta, miksa ndogo, maiki na hedifoni. Filamu inaingia mkondo mmoja wa miksa, maiki mkondo mwingine, na mkono mmoja haubanduki kwenye kitelezi cha filamu. Akiongea, filamu iwe chini ya sauti yake kwa desibeli 12 hadi 15. Ikiwa chini kwa 6 tu, Mturuki na Mganda wanagombana masikioni mwako. Ukiishusha zaidi ya 20, mtazamaji anabaki na redio yenye picha. Wanaoiachia programu ishushe yenyewe hukosea muda wa kuiachia filamu ipande tena: wakiuweka mfupi, kila VJ akivuta pumzi muziki unaruka juu halafu unazama tena. Nusu sekunde au zaidi kidogo inatosha.

Ujanja mmoja upo. Nakala yenye sauti ya njia sita huweka mazungumzo mengi kwenye njia ya katikati. Izime hiyo, utabaki na karibu muziki na milio yote. Bahati mbaya nakala nyingi za mtandaoni zimeshabanwa kuwa njia mbili. Kuna wanaogeuza wimbi la sauti la upande mmoja ili pande mbili zifutane. Mazungumzo yanapungua kweli, lakini besi, ngoma na hatua za mtu aliye katikati ya picha vinaondoka pamoja nayo.

Sasa gharama. Filamu ya dakika 90 VJ huitazama mara moja, huisema mara moja, basi, kesho iko sokoni. Kuingiza sauti kunataka mfasiri, mtu wa kulinganisha semi na midomo, waigizaji, mwelekezi na mchanganyaji, halafu tamthilia yenyewe inapita vipindi 100. Kituo hakimkodi VJ kwa mapenzi ya Kiganda. Kinamkodi kwa sababu ni mtu mmoja.

Mwalimu wa Kiswahili, Arua

Asante fundi, ila umeongea kana kwamba Uganda inaanzia Jinja na kuishia Masaka. Huku West Nile, Kiganda cha VJ hakimfikii mama wa sokoni. Kiswahili kinamfikia, kwa sababu ya biashara ya Kongo na historia ya jeshi. Mtazamaji wa Arua anamsikia VJ akicheka bila kujua kinachochekesha. VJ wa lugha nyingine wapo, lakini vituo vikubwa haviwaiti.

Na jambo lenyewe si ndoto. Mwaka 2011 TBC ya Tanzania ilirusha kwa Kiswahili tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikapendwa hadi Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Azam TV nao wakaingiza Kiswahili tamthilia ya Kituruki ya Sultan Suleiman. Sauti zipo tayari. Kinachobaki ni kununua haki ya kuzirusha Uganda.

Kwa mzazi anayeuliza aanze na ipi ili watoto waokote lugha: aanze na za nyumbani, za wakwe, urithi na majirani. Sentensi zake ni fupi na zinajirudia, chakula kinaitwa jina, watu wanasalimiana kila mlango unapofunguliwa. Za kihistoria ziache kwanza. Huko kila mtu anahutubia.

Mwenye kibanda, Bwaise

Shikamoo mwalimu. Kiswahili cha Dar mtu wa Bwaise anakisikia nusu, na nusu hiyo hailipiwi. Huyu anatoa shilingi 500 au 1,000 kwenye mlango wa kibanda changu cha video, na kwenye ubao wa nje jina la VJ limeandikwa kwa chaki kubwa kuliko la mwigizaji. Hafuati tafsiri tupu. VJ anamweleza huyu aliyeingia ni nani, alimdhulumu nani, na kwa nini yule mama analia. Aliyechelewa dakika 20 anafikishwa njiani bila kumsumbua jirani. Muuza dawa za kulevya wa Marekani anapelekwa Kikuubo, soko letu la Kampala, kuficha mzigo. Waigizaji wako wa Dar hawawezi hilo, wamefungwa na midomo ya Mturuki.

Kuhusu maandishi ya chini, njoo na futi ya kupimia. Televisheni ya inchi 32 ina kimo cha sentimita 40. Maandishi yanakaa kwenye sentimita 8 za chini kabisa, na hapo ndipo vichwa vya benchi la pili vinapoanzia. Ukipandisha televisheni hadi ukingo wake wa chini ufike mita 1.8, wa nyuma wanasoma, wa mbele wanaumwa shingo, labda uiinamishe mbele na kusogeza benchi la kwanza nyuma mita mbili. Mita mbili hizo ni watu 15 wasiolipa. Halafu mchana mabati yana matundu, mwanga unapiga kioo, maandishi meupe juu ya shati jeupe hayaonekani. Kwenye kibanda, sikio ndilo linalolipa kiingilio.

Mfasiri wa maandishi, Bombo

Mzee wangu, vichwa na mwanga nakubali. Lakini mengi yanayolaumiwa ni maandishi mabovu. Kazi iliyofanywa sawasawa haizidi mistari miwili, kila mstari herufi 42, na kasi isipite herufi 17 kwa sekunde kwa mtu mzima, 13 kwa mtoto. Kipande kisikae zaidi ya sekunde 7. Yanayopakuliwa bure hutupa mistari mitatu kwa sekunde moja na nusu, halafu watu wanasema Waganda hawapendi kusoma! Shati jeupe dawa yake ni kisanduku cheusi nyuma ya herufi, au mzingo mweusi mnene.

Kiswahili kina taabu zake. Neno kama "hawatamsamehe" halikatwi katikati, kwa hiyo mistari hugawanyika vibaya. Na tamthilia ya wapenzi watatu ukiandika "alimwambia anampenda", hakuna ajuaye nani kamwambia nani. Rudisha jina hata kama mwigizaji hakulitamka, na ufidie kwa kufuta "sikiliza", "unajua" na majina ya kuitana yasiyo na kazi.

Kosa linalowachosha watu zaidi ni kuchelewa. Maandishi yaliyotengenezwa kwa picha 23.976 kwa sekunde ukiyaweka kwenye nakala ya picha 25, yanaanza sawa halafu yanaachwa nyuma polepole. Filamu ya dakika 90 hufupika kwa karibu dakika 4 kwenye nakala hiyo. Usihangaike kuyavuta mbele kwa sekunde, yatachelewa tena. Badilisha kasi ya faili nzima.

Mwanasheria, Kampala

Naona mnaruka shimo. Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inampa mwenye kazi haki ya kuitafsiri. VJ asiye na kibali amevunja sheria hata akitafsiri vizuri kuliko malaika. Tafsiri yenye ubunifu wake inaweza kulindwa yenyewe, lakini ulinzi huo haufuti haki ya mwenye filamu.

Wengine hukimbilia nafuu ya hakimiliki kwa nchi maskini katika WTO, Shirika la Biashara Duniani, iliyoongezwa hadi 1 Julai 2034. Nafuu hiyo inairuhusu nchi ichelewe kutunga sheria. Sisi tumeshatunga.

Kuhusu kuwalinda watoto, jambo ambalo hamjaligusa: filamu hupewa kiwango cha umri kwa picha na maneno yake ya asili. VJ akiongeza matusi juu ya katuni, kiwango kile hakina maana tena, na hakuna anayeisikiliza upya. Sheria ya Mawasiliano ya 2013 imeziweka sinema na maktaba za video chini ya leseni ya UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Basi masharti ya leseni yadai faili yenye sauti ya VJ ndiyo ikaguliwe. Hilo linawezekana bila kumfukuza mtu kazini.

Mwenye kibanda, Bwaise

Wakili, ukikagua kila faili ya VJ, itatoka mwezi ujao. Mteja ataikuta kwa muuza flashi wiki hii.

Mwanasheria, Kampala

Muuza flashi huyohuyo ndiye anayewaibia ma-VJ. Mnadhani kwa nini VJ anataja jina lake na namba ya simu kila baada ya dakika chache, hata mtu akiwa anazikwa kwenye filamu? Ndiyo alama yake ya mali. Ameiweka ndani ya sauti kwa sababu maandishi kwenye kona hukatwa.

Mzee wa projekta, Mbale

Vijana, msiongee kana kwamba tafsiri ndiyo ilizaa watazamaji. Filamu za Kihindi zilijaza kumbi bila neno moja kutafsiriwa. Nyimbo zilibeba hisia, na mambo ya mama, shemeji na mahari hayana mgeni.

Na VJ hakuua kumbi za sinema, kama wengine wanavyodai. Filamu ya milimita 35 inakwenda picha 24 kwa sekunde, na gurudumu la futi 2,000 linaisha kwa dakika 22 hivi. Onyesho moja linataka projekta mbili na mtu wa kuvizia doa dogo kona ya juu kulia ili abadilishe bila giza. Taa zilikuwa za vijiti vya kaboni, vinavyoungua na kusogezwa wakati wote. Mashine hiyo haiishi bila vipuri na msambazaji. Wahindi walipofukuzwa 1972, mnyororo wa usambazaji uliondoka nao kwa sehemu kubwa. Ukumbi wa sinema wa Norman, Kampala, leo ni kanisa la Watoto Church. Deki ya VHS ilihitaji mtu mmoja, televisheni na jenereta, ikashinda kwa urahisi tu, ingawa vumbi liliziba vichwa vyake na picha ikajaa chenga hadi visafishwe kwa spiriti.

Mwalimu wa Kiswahili, Arua

Shikamoo mzee, na umenisaidia. Kama urahisi ndio unaoamua, basi tamthilia iliyokwisha kuingizwa Kiswahili ni rahisi kuliko zote. Haihitaji hata VJ!

Fundi wa sauti, Jinja

Ni rahisi kurusha, mwalimu, si lazima iwe rahisi kununua. Haki ya sauti ya Kiswahili huweza kuwa ya aliyeigharamia, haki ya picha ya mwingine, na eneo lililoandikwa kwenye mkataba likawa Tanzania na Kenya peke yake.

Mimi sioni kwa nini tuchague kimoja. Poland mpaka leo televisheni hutumia msomaji mmoja juu ya filamu za kigeni, na ni kazi ya heshima inayofanywa kihalali. Sauti moja si ushamba. Kituo kinachonunua tamthilia kidai kwenye mkataba faili ya muziki na milio, haki ya kuongeza lugha angalau mbili, na picha 25 kwa sekunde ili sauti ya pili isipotee njia. Ukishapata faili hiyo, VJ wa Kiganda anaongea bila kuua muziki, na Kiswahili kinawekwa njia ya pili ya sauti, mtazamaji wa Arua anakichagua kwenye rimoti ya dekoda. Zote mbili zisawazishwe kwenye LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 23 chini ya sifuri, la sivyo kila anayebadilisha lugha atakimbilia kitufe cha sauti.

Dekoda nyingi zina kitufe cha kubadili lugha ya sauti. Ukikibonyeza na hakuna kinachobadilika, dekoda haijaharibika: kituo kimetuma njia moja tu.