Naomba ushauri: mke ni mjamzito, jiwe limeziba mrija wa nyongo

Wakuu habari zenu. Mke wangu ana mimba ya wiki 21. Siku za karibuni anabanwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa usiku akila vya mafuta, yanapanda mpaka begani. Duka la dawa walimpa dawa za vidonda vya tumbo. Juzi mkojo ukawa kama chai ya rangi na macho yakawa manjano. Ultrasaundi imeonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, na moja limeshuka likaziba mrija.

Daktari anasema kusubiri ajifungue ni hatari: maambukizi yanaweza kuingia kwenye damu, au kongosho kuvimba, na mtoto naye asipone. Anataka kupitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi kwenye utumbo, apanue mlango wa mrija alivute jiwe. Eksirei itatumika kwa sekunde chache tu, tumbo likiwa limekingwa, na miezi hii ya katikati ndiyo afadhali. Mimi nimemwelewa.

Mama mkwe ndiye hataki kusikia. Kaleta mafuta ya zeituni na ndimu, eti yatayeyusha. Mafuta kwa mtu wa nyongo jamani! Nimeyaficha juu ya kabati.

Waliopitia hili: mfuko wenyewe wa nyongo mlitolewa kwa upasuaji wa matundu madogo mkiwa bado wajawazito, au mlingoja mjifungue? Mawe yalirudi? Na bima ililipia, au mlitoa mfukoni?