Ushauri: Niwapeleke wanafunzi kutazama filamu ya vita iliyotiwa rangi, au niwaonyeshe ile ya zamani jinsi ilivyo?

Mwalimu_Eastlands

Salamu kwenu nyote. Ninafundisha Historia na Serikali katika shule moja ya upili hapa Nairobi, na ninaomba ushauri wa wale wanaozifahamu filamu za kumbukumbu kuliko mimi. Jumba moja la sinema katikati ya jiji limekubali kutuonyesha, asubuhi ya siku ya kazi na kwa bei ya shule, filamu ya They Shall Not Grow Old iliyotengenezwa na Peter Jackson mwaka 2018. Filamu hiyo imeundwa kwa picha zilizopigwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuhifadhiwa katika makumbusho ya Imperial War Museum kule Uingereza, ambazo zimesafishwa, zikatiwa rangi na kuongezewa sauti. Wanafunzi ninaokusudia kuwapeleka ni wa Kidato cha Nne, ambao wana mada ya Vita Vikuu vya Dunia katika silabasi yao.

Mwenzangu idarani anapinga. Hoja yake ni kwamba picha hizo zilipigwa bila rangi na bila sauti, kwa hiyo anayeongeza vitu hivyo anatunga, na hatuwezi kumfundisha mtoto maana ya ushahidi wa kihistoria huku tukimwonyesha ushahidi uliopakwa rangi. Anapendekeza tutumie projekta ya shule ukumbini na kuwaonyesha The Battle of the Somme, filamu ya mwaka 1916 kuhusu mapigano ya Somme huko Ufaransa, jinsi ilivyo, bila gharama ya basi wala tiketi. Mwalimu mkuu anataka barua yangu ifike mezani kwake kabla ya Ijumaa.

Mimi naegemea upande wa sinema, lakini sitaki kuandika barua ambayo nitashindwa kuitetea. Je, rangi na sauti hizo zina msingi wowote? Je, picha za maiti si nzito mno kwa vijana wa umri huo? Na jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba filamu inahusu askari wa Uingereza katika medani ya magharibi, Ufaransa na Ubelgiji, ilhali vita hivyo vilipiganwa pia hapa kwetu. Nitawaeleza nini watoto waliozaliwa Kariokor na Shauri Moyo?

Mhariri_Video

Mwalimu, kazi yangu ni kuhariri picha za video, kwa hiyo nitajibu swali lako la kwanza pekee na mengine nitawaachia wenyewe.

Kamera za wakati huo zilizungushwa kwa mkono. Mpiga picha akichoka au akishtuka, mkono wake hupunguza au kuongeza kasi, na ndiyo sababu picha nyingi za vita hivyo zilinaswa kwa fremu, yaani picha moja moja zinazounda filamu, kati ya 10 na 18 hivi kwa sekunde. Zikipitishwa katika mashine ya fremu 24, askari aliyekuwa akijikokota kwa uchovu anaonekana akichapua miguu kama kikaragosi. Mwenzako anapaswa kulielewa hili kabla ya mengine yote: mwendo ule wa kuchekesha haukuwapo pale mbele ya kamera, bali umeletwa na mashine. Jackson na wenzake walitumia kompyuta kutengeneza fremu za kujazia nafasi. Fremu hizo zimebuniwa, nakubali, lakini mwendo unaopatikana unamkaribia zaidi mtu aliyekuwa pale kuliko ule unaoitwa wa asili.

Rangi ina shida yake. Filamu ya aina ile hunasa mwanga na kivuli tu, na haiwezi kukuambia kama kitambaa kilikuwa kijani au kahawia. Watengenezaji walirejelea sare halisi za wakati ule, na walipiga picha maeneo yenyewe ili wapate rangi ya majani na udongo. Kwa sare, basi, uamuzi wao una msingi; kwa rangi ya macho ya askari mmoja aliyesimama pembeni, ni makisio.

Kuhusu sauti, hapo ndipo wanafunzi wako watajifunza zaidi wakiwa makini. Masimulizi unayoyasikia kutoka mwanzo hadi mwisho ni ya wanajeshi wastaafu wenyewe, yaliyochaguliwa kutoka takriban saa 600 za mahojiano yaliyofanywa na BBC na makumbusho hayo miongo kadhaa baada ya vita. Huo ni ushahidi, ingawa ni ushahidi wa wazee wanaokumbuka ujana wao. Lakini askari aliyemo kwenye picha anapofungua mdomo na kusema jambo, sauti ile ni ya mwigizaji: waliajiriwa wasoma midomo watambue maneno, kisha wakatafutwa waigizaji wenye lafudhi ya eneo ambako kikosi kilitoka. Kijana anayeweza kuzitenganisha sauti hizo mbili akiwa amekaa gizani na pakiti ya bisi mkononi amekwisha kuielewa mada ya ushahidi kuliko wengi wetu tulivyoielewa kwa kukariri.

Msomaji_Ngara

Naongeza neno kuhusu The Battle of the Somme, kwa sababu mwenzako anaizungumzia kana kwamba haina doa. Filamu hiyo iliingia katika majumba ya sinema ya Uingereza mwezi Agosti 1916, wakati mapigano yenyewe yalikuwa bado yanaendelea, na inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 20 waliitazama katika majuma sita ya kwanza. Ni kazi kubwa, na mwaka 2005 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Hata hivyo, tukio lake maarufu kuliko yote, lile la askari wanaotoka handakini na baadhi yao kuanguka papo hapo, liliigizwa mbali na mstari wa mbele. Rangi hamna na sauti hamna, na bado ni maigizo.

Jackson naye alikabiliwa na upungufu huohuo, kwa kuwa wapiga picha hawakuweza kuwafuata askari hadi katikati ya risasi. Alichofanya ni kutumia michoro ya magazeti ya vita ya wakati ule, pamoja na nyuso za askari zilizopigwa kabla ya mashambulizi. Kwa maoni yangu, huo ni uaminifu mkubwa kuliko ule wa mwaka 1916. Mwambie mwenzako kwamba kutokuwa na rangi hakuifanyi picha kuwa shahidi mkweli.

Mama_Kidato

Mwalimu, mimi ni mzazi na nimeitazama filamu hiyo. Kuna maiti zilizovimba, kuna panya, kuna miguu iliyooza kwa kukaa majini siku nyingi handakini, na vyote hivyo vimo katika rangi, jambo ambalo si dogo. Uingereza waliipa daraja la miaka 15, Marekani wakaipa daraja R, yaani aliye chini ya miaka 17 aandamane na mtu mzima. Kabla ya kuandika barua, uliza jumbani imewekwa daraja gani na bodi yetu ya filamu, kisha watumie wazazi fomu ya ridhaa inayotaja maiti waziwazi badala ya kusema tu "maudhui ya vita". Mimi ningetia sahihi. Jirani yangu asingetia, na ana haki yake.

Mkaazi_Kariokor

Mwanangu Mwalimu, swali lako la tatu ndilo lililonifanya niandike. Mtaa huu ninaokaa umepata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kama Kariakoo ya Dar es Salaam. Vita vilipofika huku, farasi na ng'ombe wa kukokota mizigo walikufa kwa mbung'o, na barabara hazikuwapo, kwa hiyo kila sanduku la risasi na kila gunia la unga lilibebwa na binadamu. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliendesha msako mkubwa wa kuwachukua wanaume, chini ya usimamizi wa John Ainsworth, na makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu, na unga wa mahindi ambao matumbo yao hayakuuzoea na ambao mara nyingi hapakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva.

Wape wanafunzi tarehe mbili waziweke bega kwa bega. Huko Ulaya bunduki zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, alisalimisha jeshi lake rasmi tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Filamu yako inapokwisha na askari wanarudi kwao kutafuta kazi, waulize watoto nani alikuwa bado amebeba mzigo kichwani wiki hiyo.

Na kwa kuwa mtakuwa mjini, msirudi moja kwa moja kwenye basi. Nendeni Kenyatta Avenue, kwenye sanamu za askari zilizosimikwa mwaka 1928. Watu hupita pale kila siku wakiwahi matatu bila kuinua macho. Maandishi yake yako katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Wasome wenyewe, kisha watafute jina la mpagazi hata mmoja.

Mwalimu_Eastlands

Shikamoo, mzee wangu, na asanteni nyote. Nimeamua kuomba vyote viwili: kipindi kimoja ukumbini kwa sehemu ya filamu ya 1916, likiwemo lile tukio lililoigizwa, kisha sinema, kisha Kenyatta Avenue kwa miguu. Mwenzangu amekubali kusimamia kipindi cha ukumbini, bado akinung'unika. Swali la mwisho kwa Mhariri: niwaambie kuhusu wasoma midomo na waigizaji kabla ya kutazama, au baada?

Mhariri_Video

Baada, Mwalimu. Filamu inaanza kwa picha ndogo zisizo na rangi, na inakaribia nusu saa kabla ya skrini kupanuka na rangi kuingia pindi wanapofika mahandakini. Ukiwatahadharisha mapema watakaa wakisubiri hila badala ya kutazama. Wape kazi moja tu: kila mmoja achague sauti tatu alizosikia, aziandike akitoka, na mkirudi darasani aeleze kila moja imetoka wapi. Pia uliza jumbani kama nakala yao ina ile sehemu ya ziada ya nusu saa ambamo Jackson anaeleza jinsi kazi ilivyofanyika. Ikiwa ipo, mwambie dereva wa basi mapema, kwa sababu huja baada ya majina ya mwisho, wakati ambapo watu wengi wameshainuka.