Naomba ushauri: chakula cha kubeba Kigamboni kisichohitaji kupashwa moto

Mama Pacha:
Habari za jioni wapendwa. Jumapili tunaenda kushinda ufukweni Kigamboni, upande wa Mjimwema. Tupo 12, watoto watano, na mama mkwe amekuja kutoka Singida, hajawahi kukanyaga maji ya bahari. Tunatoka Tabata asubuhi, tunavuka kwa pantoni kwa sababu watoto wameomba, kwa hiyo kula ni kama saa saba mchana. Jiko hatubebi, na hela ya kununulia samaki watu wote hao sina.

Mwaka jana nilibeba wali wa nazi. Niliupakua motoni nikafunga kwenye hotpoti hapo hapo. Kufungua saa nane, mfuniko unachuruzika maji, wali unavuta utelezi kama bamia, harufu ya uchachu imetupiga usoni. Watoto walishinda na biskuti. Iliniuma sana. Safari hii nataka chakula kinacholiwa kikiwa kimepoa na watu washibe.

Binti Chumbageni:
Pole dada. Tui halivumilii joto letu, na ukilifungia na mvuke wake ndiyo kabisa. Wali uache nyumbani. Pika katlesi, chapati, na mkate wa kumimina.

Katlesi shida yake ni maji. Viazi vichemshe na maganda, menya, ponda vikiwa bado vya moto, kisha vitandaze kwenye sinia mpaka mvuke uishe. Nyama ya kusaga ikaange na tangawizi, kitunguu saumu na limao mpaka ikauke, isibaki hata tone la mchuzi. Ukishazikaanga zisipandane, ziache zipoe mpaka ukizigusa hazina uvuguvugu wowote, ndipo ufunike. Kilo mbili za viazi na nusu kilo ya nyama zitawatosha.

Nesi wa Zamu:
Nakazia hapo kwenye wali. Kuna vijidudu vya kwenye mchele ambavyo kuchemsha hakuviui vyote. Wali ukikaa kwenye uvuguvugu vinazaliana na kutoa sumu, na hiyo sumu hata ukipasha haitoki. Chochote chenye nyama, mayai au maziwa kisikae nje ya barafu zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu. Kwa hiyo katlesi zikishapoa, moja kwa moja kwenye friji, na asubuhi kwenye deli lenye barafu. Zinalika vizuri tu zikiwa za baridi.

Fundi Mbagala:
Barafu usinunue, shemeji. Gandisha chupa za maji za lita moja na nusu tangu Ijumaa, zipange chini na pembeni mwa deli. Asubuhi ni barafu, jioni ni maji ya kunywa. Deli likae kivulini na khanga iliyoloa juu yake, na watoto wasifungue kila dakika. Vinywaji viweke kwenye ndoo nyingine.

Mayai chemsha, yaache na maganda yake, yamenywe huko huko. Kachumbari ndiyo usikate nyumbani kabisa! Beba nyanya, matango, vitunguu, limao na kisu. Na mjue mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo vikapu na vyombo vyenye mifuniko.

Mama Pacha:
Mungu awabariki. Nimeamua: katlesi, mayai, chapati, karanga za kukaanga, tikiti nitalipasua huko huko, na juisi ya ukwaju. Mama mkwe nimemwambia kuna mkate wa kumimina, amefurahi mno. Binti Chumbageni, kwa vikombe viwili vya mchele hamira kiasi gani? Wangu huwa unakaa chini kama chapati.

Binti Chumbageni:
Kijiko kimoja cha chai. Mchele loweka Ijumaa usiku, Jumamosi usage na tui zito mpaka uwe laini kabisa, sukari, iliki, na ute wa yai moja. Uumuke kwanza, usiuharakishe. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, moto mdogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Ukipoa nao uingie kwenye friji, una tui huo.